Faili za Ardhi Kenya: Mbona Zinafunguliwa Tu Wakubwa Wakikosana?

Tarehe 1 Septemba 2021 Fred Matiang'i, wakati huo waziri wa usalama wa ndani, aliitwa na kamati ya bunge aeleze kitu kimoja tu, mbona naibu rais William Ruto ameondolewa walinzi wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, akaletewa wa AP, polisi wa utawala. Ungedhani atajibu kwa dakika tano aende zake. Badala yake akasema polisi wanaomlinda naibu rais ni 257, halafu akaanza kutaja wanalinda wapi na wapi: Karen, Sugoi, hoteli ya Weston, hoteli ya Dolphin huku Mombasa, shamba la Murumbi kule Transmara ekari 395, shamba la Mata kule Taita Taveta zaidi ya ekari 2,500, orodha inaenda tu. Hakumwita mtu mwizi wala hakuwa na haja. Kila mtu aliyekuwa na simu siku hiyo alielewa kwamba hapa hatuhesabiwi askari, tunahesabiwa mashamba.

Na kumbuka huyo ni waziri wa serikali ya Jubilee, ya Rais Uhuru Kenyatta, anamsomea mali naibu rais wa serikali hiyo hiyo ya Jubilee, na mapolisi wenyewe wametumwa huko na serikali hiyo hiyo, miaka yote minane, hakuna aliyeuliza. Kambi ya Ruto ikajibu kwamba mali nyingine zilizotajwa si zake na alizonazo amezipata kihalali, na yeye mwenyewe akaanza kutupigia hesabu za mayai ya kuku wake. Nchi ikagawanyika, wengine wakacheka, wengine wakakasirika, na baada ya wiki mbili tukahamia habari nyingine.

Sasa habari kama hii ikitoka watu hukimbilia kubishana kama ni kweli ama ni siasa. Mimi naona ubishi huo unatupotezea muda, kwa sababu mara nyingi ni vyote viwili. Tuhuma inaweza kuwa na msingi kabisa, iko kwenye makaratasi, iko mahakamani, na bado ikawa imetolewa kabatini siku hiyo kwa sababu mtu fulani ameshakosana na mtu fulani. Ukitaka kuelewa siasa za ardhi ndani ya chama tawala, angalia faili ilifunguliwa lini, na zaidi ya hapo angalia ilifungwa lini, manake hapo kwenye kufungwa ndipo wengi huwa tumeshalala.

Tuanze na jinsi ardhi ya umma inavyogeuka kuwa ya mtu, kwa sababu bila hiyo mambo mengine hayaeleweki.

Zamani, chini ya sheria ya ardhi ya serikali iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, rais alikuwa na nguvu ya kugawa ardhi ya serikali ambayo haijatumika, na Kamishna wa Ardhi ndiye aliyeandika barua. Barua ya mgao. Kisheria ploti za mjini zilitakiwa ziuzwe kwa mnada wa wazi, kila mtu ajaribu bahati yake. Ilivyokuwa ni kwamba mtu wa karibu anapata barua, barua yenyewe inasema ukubali masharti na ulipe ndani ya siku kadhaa, yeye halipi chochote, anaiuza hiyo barua kama ilivyo kwa mtu mwingine, yule anaunda kampuni, kampuni inapata hati, inauzia kampuni nyingine, na mnunuzi wa mwisho akiulizwa anakuambia jamani mimi nilinunua sokoni kama mtu yeyote, hati hii hapa ina mhuri wa serikali. Na hapo hajadanganya! Hati ni ya serikali kweli. Kilichooza kiko nyuma, kwenye ile barua ya kwanza.

Mwai Kibaki alipoingia madarakani aliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u mwaka 2003, ripoti ikatoka hadharani Desemba 2004, na hadi leo hakuna kazi nyingine ya serikali iliyoeleza mchezo huu wazi namna ile. Ilikadiria hati 200,000 hivi zilitolewa kinyume cha sheria, misitu, viwanja vya shule, kingo za mito, ardhi ya barabara, nyumba za serikali, hata makaburi. Lakini jambo moja kwenye ripoti ile ndilo linalonihusu hapa. Tume iliona ugawaji ulikuwa unafura karibu na uchaguzi, 1992, 1997, 2002. Yaani ardhi ilikuwa ni pesa ya kampeni. Chama tawala, KANU wakati huo, hakikuwa na haja ya kubeba mabunda kila mara, kilikuwa na barua. Na aliyepewa barua akitaka pesa taslimu haraka anaitafutia shirika la umma linunue, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ikawa mteja mkubwa, kwa hiyo mfanyakazi anakatwa kwenye mshahara halafu akiba yake ya uzee inanunua ardhi ambayo ilikuwa yake tangu mwanzo. Ukiisoma polepole hiyo unaweza kuchekea uchungu.

Matokeo yake kisiasa ni haya: karibu kila mtu aliyekuwa karibu na madaraka miaka ile, na familia nyingi zilizokuwa karibu nayo kabla ya hapo, ana faili. Si lazima awe na hatia. Ana faili tu. Na wote wanajua kwamba wote wanazo, ndio maana wakiwa pamoja wanakaa kimya. Ni kama nyumba za watu wengine, siku ya talaka ndio mtu anakumbuka kabati lililetwa na nani.

Hii tabia haikuzaliwa na Jubilee. Bildad Kaggia alihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta wakati wa mkoloni, uhuru ukaja, akawa naibu waziri, akaanza kusema mashamba ya walowezi yapewe waliopigania na wasio na ardhi badala ya kuuzwa kwa mikopo. Mwaka 1964 akatoka serikalini. Mwaka 1965 pale Kandara, mbele ya watu wake mwenyewe, Kenyatta akamuuliza hadharani amejifanyia nini tangu uhuru, akamlinganisha na wenzake wa Kapenguria ambao walikuwa tayari na mali. Hebu fikiria hilo swali. Hakuulizwa umewafanyia nini watu, aliulizwa umejifanyia nini. Mwaka uliofuata mkutano wa Limuru ukapanga upya vyeo vya chama ili kumbana Oginga Odinga, makamu wa rais, Odinga akatoka na kuanzisha chama cha upinzani, KPU, Kaggia akamfuata, na cheo cha Odinga akapewa Joseph Murumbi. Murumbi yule yule ambaye shamba lake la zamani lilisomwa na Matiang'i miaka 55 baadaye. Ardhi ya Kenya ina kumbukumbu ndefu kuliko wanasiasa wake.

Halafu J.M. Kariuki, mbunge wa chama tawala, tajiri mwenyewe, ana shamba kubwa Gilgil, akawa ndiye anayepiga kelele kuhusu wachache kumiliki ardhi yote. Machi 1975 akauawa, mwili ukapatikana Ngong. Kaggia angalau aliaibishwa tu.

Sasa turudi Jubilee. Uhuru Kenyatta na William Ruto waliungana kwa uchaguzi wa 2013 na kila mmoja alikuja na mzigo wake wa ardhi. Uhuru aliulizwa kwenye mdahalo wa urais Februari mwaka huo akasema familia ina ekari kama 30,000 Taita Taveta. Ruto alikuwa na kesi ya mkulima mmoja wa Uasin Gishu aliyekimbia vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 na kukuta shamba lake limechukuliwa, na Juni 2013, akiwa naibu rais wa miezi miwili tu, Mahakama Kuu ikamwamuru arudishe ekari 100 na alipe fidia ya shilingi milioni 5. Kwenye kampeni zile Inspekta Jenerali wa polisi David Kimaiyo alishawaonya wanasiasa waache kuongelea ardhi majukwaani, ati inaleta uchochezi. Swala kubwa kuliko yote nchini, na mkuu wa polisi anasema liacheni!

Kisha ikaja ripoti ya tume ya ukweli na maridhiano, TJRC. Ilikabidhiwa Uhuru Mei 2013 na sura ya ardhi ikawa na sarakasi zake. Makamishna watatu wa kigeni, Jaji Gertrude Chawatama wa Zambia, Balozi Berhanu Dinka wa Ethiopia na Profesa Ronald Slye wa Marekani, walikataa kuikubali sura hiyo kwa sababu walisema aya kuhusu ardhi zinazomgusa Jomo Kenyatta zilibadilishwa baada ya ripoti kukamilika. Hapa wakubwa walikuwa bado wanapendana, kwa hiyo hakuna aliyeifanya silaha. Wabunge wa upande wa Ruto, ambao miaka mitano baadaye wangeimba kuhusu mashamba ya kina Kenyatta kila wikendi, hawakusema neno. Nao watu wa Uhuru hawakusema neno kuhusu shamba la Uasin Gishu. Hicho ndicho kipindi cha faili kufungwa.

Wakati huo huo tuhuma zilizolipuka zilielekezwa nje ya wale wawili. Julai 2014 Uhuru alitangaza kufuta hati za ekari 500,000 za Lamu zilizopewa kampuni 22 mwaka 2011 na 2012, huku Pwani tulishangilia kidogo, kisha kampuni zikaenda mahakamani na mambo yakarudi kwa mawakili. Januari 2015 polisi wakawapiga watoto wa Lang'ata Road Primary kwa gesi ya machozi, watoto wa shule na yunifomu zao, kwa sababu walisukuma ukuta uliozungushwa kwenye uwanja wao wa kucheza. Uwanja wenyewe ulikuwa jirani na Weston. Picha zikaenda dunia nzima, serikali ikaomba radhi, uwanja ukarudishwa. Na miezi miwili baadaye waziri wa ardhi Charity Ngilu akawekwa kando pamoja na wengine waliotajwa na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kwake ikiwa ni habari ya ardhi ya Karen ya ekari 134 ambayo thamani yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 8. Ngilu hakuwa wa TNA ya Uhuru wala URP ya Ruto, alikuja na chama chake kidogo cha NARC. Sisemi alionewa, nasema tu ukitaka kujua nani ataondoka wa kwanza angalia nani hana watu wengi nyuma yake.

Machi 9, 2018 Uhuru akasalimiana na mpinzani wake Raila Odinga kwenye ngazi za Harambee House, na siasa ya Jubilee ikavunjika siku hiyo hata kama chama chenyewe kiliendelea kuwa na ofisi. Wakatokea Kieleweke, wa Uhuru, na Tangatanga, wa Ruto. Na angalia kasi ya faili kufunguka baada ya hapo.

Agosti na Septemba 2018 zikaanza kubomolewa jumba moja baada ya jingine Nairobi, kituo cha petroli cha Shell na mkahawa wa Java kule Kileleshwa, Ukay Centre Westlands, Taj Mall kule Embakasi, sababu ikiwa kingo za mito na ardhi ya barabara. Kazi nzuri, wengi tuliiunga mkono, mito ya Nairobi imekaliwa kooni. Lakini swali lililosikika kila mahali lilikuwa moja, na Weston je? Kieleweke walitaka iangushwe. Tangatanga wakasema kumbe ndio maana ya tingatinga zote hizi, wanamtafuta mtu mmoja.

Weston ni vizuri tuieleze vizuri kwa sababu inaonyesha kila kitu. Iko Lang'ata Road, mkabala na uwanja wa ndege wa Wilson. Ardhi ilikuwa ya idara ya usafiri wa anga, leo ni KCAA, ambayo ilipanga kujenga makao makuu pale. Ikagawiwa watu binafsi, ikauzwa, ikaja hoteli. Ruto mwenyewe mwaka 2019 alikiri hadharani kwamba wamiliki wa kwanza waliipata visivyo, akasema yeye aliinunua akiwa hajui. Umeona ile hadithi ya mnunuzi wa mwisho? Hiyo hapo. Januari mwaka huo huo Tume ya Taifa ya Ardhi ikaamua kwamba Weston isibomolewe wala kurudishwa, bali iilipe KCAA bei ya soko. KCAA ikakataa, ikaenda mahakamani ikisema inataka ardhi yake si pesa. Halafu 2022 mwenye hoteli akawa rais, na KCAA ni shirika la serikali yake. Wewe ukiwa mkurugenzi wa shirika hilo ungeamka na nguvu gani ya kumshtaki bosi wa bosi wako? Hata asipokuambia lolote.

Tangatanga nao hawakukaa mikono mitupu, waliipata Ruaraka. Mwaka 2018 ikajulikana Tume ya Taifa ya Ardhi imekubali kulipa zaidi ya shilingi bilioni 3.2 kwa kampuni binafsi kwa ajili ya ekari 13.5 ambazo juu yake ziko shule mbili za umma, Drive-In Primary na Ruaraka High, na bilioni 1.5 zimeshatoka. Shule ziko pale miaka na miaka, watoto wamesoma wakamaliza, leo serikali inazinunua. Malipo yalianzia wizara ya elimu wakati wa Matiang'i. Kwa hiyo wabunge wa Tangatanga ambao kwa Weston walikuwa wanasema mwacheni mtu na mali yake, kwa Ruaraka wakawa wataalamu wa ardhi ya umma usiku mmoja, na Kieleweke waliotaka Weston ianguke leo kesho wakawa wapole, tusubiri uchunguzi. Matiang'i alikana kufanya kosa lolote.

Mimi nilifuatilia vikao vile kwenye televisheni na kitu nilichokiona ni kwamba karibu hakuna mbunge aliyeuliza ardhi irudi. Wote wanauliza nani aliweka sahihi. Ni tofauti kubwa sana hiyo. Ukiuliza ardhi irudi unaweza kuulizwa na yako. Ukiuliza sahihi unampiga mtu mmoja tu.

Mei 2020 Uhuru akawaita maseneta Ikulu, Kipchumba Murkomen na Susan Kihika, watu wa Ruto, wakapoteza vyeo vyao Seneti, Juni akafuata Aden Duale bungeni, na Ruto akaanza kujijenga kupitia chama kipya cha UDA na nembo yake ya wilibaro. Hapo ndipo jibu la kina Ruto likakamilika. Hawakusema tena "si kweli kuhusu mashamba yetu", walisema "na yenu je?". Hasla, mtu wa kujihangaikia, dhidi ya dainasti, familia za kurithi madaraka. Ilikuwa akili nyingi, manake ukishaiweka hivyo hata mtu mwenye maelfu ya ekari anaonekana ni mwenzetu, alihangaika akanunua, na yule mwingine alirithi. Swali la alinunua kutoka kwa nani na yule aliipata wapi likafunikwa kabisa na hadithi ya kuuza kuku barabarani. Ile orodha ya Matiang'i ya Septemba 2021 ilikuja kujaribu kuivunja hadithi hiyo na kwa maoni yangu ikafanya kinyume, watu wengi vijijini walisikia orodha wakasema huyu jamaa ni mchapakazi.

Agosti 2022 Ruto akashinda. Na sasa faili za upande wa pili zikawa na mwenyewe. Mwanzoni mwa 2023 wakubwa wa UDA wakawa kila siku wanazungumzia familia tajiri zisizolipa kodi, jina halitajwi lakini wote tunalijua. Machi 27, siku ya maandamano ya Azimio, muungano wa upinzani, kundi la watu likavamia shamba la Northlands la familia ya Kenyatta kule Ruiru, wakakata miti kwa misumeno ya umeme, wakachoma moto sehemu, wakaondoka na kondoo mchana kweupe kamera zikiwaona, mtu amembeba kondoo begani anakimbia anacheka. Polisi walichelewa sana kwa eneo lililo karibu na jiji namna ile. Hakuna mahakama iliyokuwa imesema ardhi ile ni ya nani mwingine. Hiyo haikuwa haki ya wasio na ardhi hata kidogo, hakuna maskini aliyepata hata kipande, walipata nyama ya siku mbili.

Kisha angalia kufungwa. Desemba 2024 Ruto akaenda Ichaweri, Gatundu, nyumbani kwa Uhuru. Siku chache baadaye watu waliojulikana kuwa wa Uhuru, Mutahi Kagwe, Lee Kinyanjui, wakatajwa kuingia baraza la mawaziri, na William Kabogo pia. Toka siku hiyo nitafutie kiongozi wa UDA anayezungumzia ekari za Kenyatta kwa sauti ile ya 2023. Ekari ziko pale pale, hakuna aliyezipima upya.

Na kwa nini Ichaweri wakati ule? Kwa sababu ndani ya UDA talaka nyingine ilikuwa imeshatokea. Rigathi Gachagua, aliyekuwa naibu wa Ruto. Huyu kisa chake ni kizuri kwa sababu faili moja ilifungwa na nyingine zikafunguliwa juu ya mtu yule yule ndani ya miaka miwili. Julai 2022, akiwa mgombea mwenza wa Ruto, Mahakama Kuu iliamuru atoe shilingi milioni 202 kwa serikali kuwa ni pesa zisizoelezeka. Akawa naibu rais, shirika lililomshtaki likalegea, jambo likaisha. Mei 2023 mahakama ya ardhi ikampa ushindi kwenye mgogoro wa ardhi ya Embakasi karibu na uwanja wa ndege, ya thamani ya shilingi bilioni 1.5, dhidi ya kampuni iliyodai ni yake. Sawa, mahakama imesema, tuheshimu. Lakini Oktoba 2024, wameshakosana na bosi wake, wabunge wa muungano wao wakaja na mashtaka 11 ya kumng'oa, na mojawapo ni utajiri wa shilingi bilioni 5.2 uliopatikana ndani ya miaka miwili, zikatajwa hoteli za Treetops na Outspan na mali nyingine. Yeye akasema nyingi ni za marehemu kaka yake Nderitu, aliyekuwa gavana wa Nyeri, na yeye anasimamia mirathi.

Bunge la taifa likapiga kura zaidi ya 280 kwa 44. Ikaenda Seneti Oktoba 17, mwenyewe siku hiyo kalazwa hospitali, na maseneta wakampata na makosa matano kati ya yale 11. Sasa hapa ndipo ningeomba msomaji asimame kidogo. Yaliyopita ni ya aina ya kugawanya watu kwa ukabila, kushambulia majaji, kiapo cha ofisi. Yale ya ufisadi na mali, yaliyojaza magazeti wiki nzima na kupigiwa picha za hoteli kwa droni, hayakupita. Yalifanya kazi ya kumchafua, yakaisha, na Kithure Kindiki akaapishwa kuchukua nafasi yake. Mali zile ama ni zake kihalali na alisingiziwa, ama si halali na ameachiwa. Hatukuambiwa ipi, na waliomshtaki hawakurudi kuuliza.

Kitu kilichobadilika kweli Kenya kuhusu ardhi ya umma hakikutoka kwenye ugomvi wowote wa hawa, kilitoka mahakamani, na kimoja kilianzia hapa hapa Nyali. Mwaka 1989 kiwanja kando ya bahari, sehemu ambayo watu walipitia kwenda ufukweni, kiligawiwa Rais Moi mwenyewe kwa jina lake. Akauza kwa kampuni, mwaka 2006 ikauziwa kampuni nyingine, Dina Management, wakajenga ukuta. Septemba 2017 kaunti ya Mombasa ikaja ikabomoa ukuta ili njia ya bahari ifunguke. Dina wakashtaki, na kwa macho ya kawaida walikuwa na haki, walinunua, walilipa, hati wanayo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 21, 2023 majaji wakasema ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, ardhi ilikuwa ya umma, kwa hiyo hati iliyozaliwa hapo haina nguvu hata ikiwa mikononi mwa mtu aliyenunua kwa nia njema. Septemba mwaka huo huo, kwenye kesi ya Torino, mahakama ile ile ikasema barua ya mgao peke yake si hati na haimpi mtu umiliki.

Ukizisoma hukumu mbili hizo pamoja na ibara ya 40 ya katiba ya 2010, ambayo inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria, utaona ule utetezi wa "mimi nilinunua tu" umekatwa miguu. Ni utetezi ule ule wa Weston. Na ni utetezi ambao watu wa vyama vyote, Jubilee, UDA, ODM, wanautegemea usiku wakilala. Ndiyo maana hukumu ya Dina haikushangiliwa na mwanasiasa yeyote mkubwa, angalia magazeti ya wiki ile. Waliopata wasiwasi zaidi ni mabenki na watu wa kawaida waliokopea nyumba, na wana sababu, manake sasa mnunuzi anatakiwa achimbe historia ya hati hadi mzizi, na masjala ya ardhi unajua yalivyo, hata baada ya Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa kidijitali, kuzinduliwa 2021 bado kuna faili zinapotea zikiwa ndani ya kabati lililofungwa.

Kaunti iliyobomoa ukuta wa Nyali haikusubiri mtu akosane na mtu. Lakini hizo ni kesi moja moja, kila moja na wakili wake, miaka mitano, sita, na hati zilizokadiriwa na Ndung'u ni 200,000. Tume yake iliona hilo mapema, ikapendekeza ianzishwe mahakama maalumu ya kupitia hati hizo zote kwa pamoja, moja baada ya nyingine, bila kujali ni za nani. Kibaki aliipokea ripoti akaiacha, Uhuru akaikuta akaiacha, Ruto anayo. Mahakama hiyo haijaundwa hadi leo, na uchaguzi wa 2027 unakuja, kwa hiyo tutazisikia tena ekari kwenye mikutano, safari hii Gachagua na chama chake cha DCP upande mmoja na aliokuwa nao serikalini upande wa pili.